Habari na Daftari

Jumanne, saa moja na nusu usiku, ghorofa ya juu ya zimamoto,
theluji ya Covilhã ikiyeyuka kwenye viatu vyetu,
Mwalimu Graciete hubandika gazeti ubaoni kwa plasta ya kidonda,
kwa kuwa pini zimekwisha na manispaa haijaleta nyingine.

Habari ya wiki hii inatuhusu wenyewe:
PENHA ALVA YAPATA FAIDA, EURO LAKI NNE.
Tulicheka. Si kicheko cha furaha.
Kumi na mmoja tuliomo humu hatujaona mshahara tangu Novemba.

"Basi fedha iko wapi?" akauliza,
kama mtu anayeuliza paka ameingilia wapi.
Akachora herufi T, kubwa. Chaki ikalia.

Majora mia mbili na kumi ya sufu
yalitoka langoni tarehe tatu
kwenda kwa mshona makoti wa Lyon
aliyesema: siku tisini.
Siku ileile kalamu ikaandika mapato.
Faida ilizaliwa pale langoni, lori likiwa bado linanguruma;
fedha ingali Lyon, imelala katika mfuko wa mwingine.

Tumelelewa tukijua ahadi ni deni.
Kumbe inategemea umekaa upande gani wa T.
Kushoto, ahadi ya Mfaransa ni mali.
Kulia, ahadi tuliyopewa sisi ni dhima,
na jina letu humo ni wadai.
Mimi Ermelinda, ninayepapasa kitambaa kutwa
nikitafuta uzi uliokatika,
nimekuwa nikiikopesha kampuni bila kujua.
Sijawahi kuwa benki.
Nilikaa wima kidogo kwenye kiti.

Adérito, fundi mitambo, akasoma chini zaidi, akapinga.
"Mtambo namba kumi na nne, thamani sifuri?
Jana umefuma mita sitini za mistari ya bluu!
Naujua unavyokohoa kabla ya baridi kali."

"Uchakavu," mwalimu akasema, taratibu.
"Kila mwaka wamekata kipande cha bei yake
mpaka bei ikaisha.
Daftari halijawahi kuusikia ukikohoa."

Hakujibu. Alisugua mikono yake,
grisi ya miaka ishirini na sita kwenye mistari ya viganja,
nasi sote tukaitazama mikono ile
na hakuna aliyethubutu kuipigia hesabu.

Nilichokishika upesi ni uandishi wa pande mbili,
maana hiyo ndiyo kazi yangu.
Uzi ukiuona juu, mahali fulani umepita chini.
Geuza jora, tazama mgongo:
huko ndiko kosa linakojificha.
Gazeti lilituonyesha uso tu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.
Hawakusema lolote juu ya habari bila daftari,
ile inayofika kila asubuhi pamoja na kahawa
ikinukia wino.

Nyumbani, supu ya kabichi ikichemka,
niligeuza bahasha ya bili ya umeme
nikachora T yangu mwenyewe.
Kushoto: cherehani. Kuku wanne.
Euro thelathini na moja kwenye kopo la biskuti.
Kushoto tena: Penha Alva, mishahara miwili.

Hapo nikakwama.
Mwalimu ametuonya: deni la shaka usilihesabu lote,
lipunguze mapema kabla halijakupunguza wewe.
Nipunguze kiasi gani? Nusu? Robo?
Mzee mwenye kiwanda alinishika mkono siku tuliyomzika mama,
akasimama nami kwenye mvua hadi mwisho.
Hilo linaandikwa safu gani?

Kalamu ya wino nikairudisha mtungini.
Nikachukua penseli.